Pato la taifa limepanda, beseni la mpakani limeshuka

MJADALA ulianzia kwenye meza ya chai pale Nyamirambo, jioni ya Jumamosi, mvua ikiwa imetufungia ndani. Tulikuwa wanne, na wote tulikulia nje ya Rwanda: mmoja Kampala, mwingine Nairobi, wa tatu mzee wa Bukavu, na mimi Ngara, ng'ambo ya Rusumo. Ndiyo kawaida yetu sisi tuliorudi. Tukikutana hatukosi kulinganisha kule tulikotoka na hapa tulipofika.

Yule wa Nairobi alitoa simu mfukoni akatusomea takwimu. Pato la kila Mkenya kwa mwaka, alisema, limepita dola 2,000. La kila Mnyarwanda ni takriban dola 1,000. Akairudisha simu mfukoni kama hakimu aliyekwisha kusoma hukumu. "Wazee, hesabu haina undugu. Mkenya mmoja ni Wanyarwanda wawili."

"Na Mkongo je?" akauliza mzee wa Bukavu.

Simu ikatoka tena. Kongo, kwa hesabu hiyo hiyo, hata dola 800 haifiki.

Mzee akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Basi nieleze, mwanangu. Shemeji yako ana miaka ishirini akiuza bidhaa ndogo ndogo. Kwa nini kila siku anavuka kwenda kuuza kwa huyo maskini wa Kongo, wala hapandi basi kwenda kumuuzia tajiri wa Nairobi?"

Hakuna aliyemjibu. Mvua ikakatika, tukaagana. Lakini swali la mzee nimetembea nalo tangu siku ile, na leo naomba nafasi ya kulijibu. Nadhani ndani yake mna somo kwetu sote tunaosoma takwimu za mataifa kama tunavyosoma msimamo wa ligi ya mpira, tukitazama nani yuko juu na nani anashuka daraja.

Kwanza tuelewane, ndugu msomaji. Sisemi takwimu ni uongo. Nchi isiyo na takwimu ni kama duka lisilo na daftari: mwenye duka hajui kama anakula faida au anakula mtaji. Ninachosema ni kwamba namba moja haiwezi kujibu maswali yote, na mara nyingi tunaiuliza namba swali ambalo haikutengenezwa kulijibu.

Hiyo namba ya pato la kila mtu inapatikana kwa hatua tatu. Wataalamu hujumlisha thamani ya vitu na huduma zote zilizozalishwa nchini kwa mwaka. Kisha hugawa kwa idadi ya watu. Kisha, ili tuweze kulinganisha Rwanda na Ujerumani, hubadilisha faranga kuwa dola. Kuhesabu, kugawa, kubadilisha fedha. Kila hatua ina tundu lake.

Tuanze na kuhesabu. Septemba 30, 2014, Shirika la Takwimu la Kenya lilitangaza kwamba uchumi wa nchi hiyo ni mkubwa kwa asilimia 25.3 kuliko ulivyodhaniwa. Kenya ikapanda daraja na kuingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Je, usiku ule Wakenya walikuwa wamefanya kazi ya robo mwaka wakiwa usingizini? La hasha. Wataalamu walikuwa wamebadilisha mwaka wa kizio kutoka 2001 hadi 2009, wakahesabu vizuri zaidi shughuli ambazo zamani zilihesabiwa kidogo, kama vile mawasiliano ya simu na biashara ya majengo.

Nigeria ilikuwa imetangulia. Aprili mwaka huo huo wa 2014 ilisahihisha hesabu zake, uchumi ukakua kwa asilimia 89 kwenye karatasi, na ikaipita Afrika Kusini kuwa uchumi mkubwa kuliko wote barani. Kijana wa Lagos aliyelala njaa usiku wa kuamkia tangazo hilo aliamka na njaa yake, ila sasa akiwa raia wa uchumi wa kwanza Afrika.

Masahihisho hayo yalikuwa halali na yalihitajika. Lakini yanatufundisha kwamba kinachoitwa ukubwa wa uchumi kinategemea pia nani alihesabiwa na nani alisahaulika. Tena masahihisho yana matokeo yake. Pato likipanda kwenye karatasi, deni la nchi likilinganishwa na pato hilo huonekana dogo, na serikali inaweza kushawishika kukopa zaidi. Raia hajaongezewa hata shilingi, lakini deni atalilipa.

Hatua ya pili ni kugawa. Hapa ndipo jibu la mzee wa Bukavu linapoanza kuonekana. Ili ugawe lazima ujue watu ni wangapi. Rwanda ilifanya sensa Agosti 2022 ikapata watu 13,246,394. Tanzania ilifanya mwezi huo huo, ikapata 61,741,120. Kongo je? Sensa yake ya mwisho ilifanyika mwaka 1984, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire na Mobutu akiwa madarakani. Kwa hiyo mtu anapokwambia pato la kila Mkongo ni kadha wa kadha, ujue kwamba amechukua makadirio ya pato, na pato lenyewe kwa sehemu kubwa linapita nje ya vitabu, akayagawa kwa makadirio ya watu. Ni kisio juu ya kisio.

Isitoshe, wastani si mtu. Wastani ni kama kina cha mto: mtu anaweza kuzama kwenye mto ambao kwa wastani maji yake yanafika magotini. Tusiende mbali. Katika utafiti wa hali ya maisha ya kaya wa mwaka 2016/17, umaskini kwa Rwanda nzima ulikuwa asilimia 38.2. Lakini Jiji la Kigali halikufika hata asilimia 14, na Mkoa wa Magharibi, wenye Rubavu na Rusizi, mkoa unaolisha masoko ya Goma na Bukavu, ulipita asilimia 47. Ni nchi moja, bendera moja, faranga moja. Mtu anayeshuka kwenye ndege Kanombe akalala Kiyovu, na mtu anayevuka Rusizi kwa miguu, wameona Rwanda mbili, na takwimu ya taifa si ya yeyote kati yao.

Hatua ya tatu ni kubadilisha fedha. Wafanyabiashara wa mpakani hili mnalijua kuliko maprofesa. Mwaka 2023 Ujerumani iliipita Japani ikawa uchumi wa tatu duniani. Magazeti yaliandika kana kwamba Wajapani wameacha kufanya kazi. Sababu kubwa ilikuwa sarafu. Mwaka 2012 dola moja ilinunua yeni 80 hivi. Mwaka 2023 ilinunua yeni 140 hivi. Viwanda vya Japani havikusinyaa kiasi hicho. Fimbo ya kupimia ndiyo iliyorefuka.

Sisi wenyewe yametupata. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa faranga elfu moja na kidogo. Kufikia 2025 ilikuwa imepita faranga 1,400. Katika kipindi hicho uchumi wa Rwanda ulikuwa ukikua kwa asilimia 8 na zaidi kwa mwaka, lakini pato la kila mtu kwa dola lilibaki likizunguka pale pale kwenye 1,000. Anayetupima kwa dola anaona hatukusogea. Anayehesabu magunia ya mahindi na mifuko ya saruji anaona tulisogea. Wote wawili wana haki, maana wamepima vitu tofauti.

Ndiyo maana wataalamu wana hesabu nyingine, ile inayotazama fedha inanunua nini nyumbani kwake badala ya kutazama inauzwa shilingi ngapi benki. Kwa dola za benki, mwaka 2024 Marekani ilikuwa na uchumi wa karibu dola trilioni 29, na China ilikuwa nyuma yake kwa mbali, chini ya trilioni 20. Kwa hesabu ya uwezo wa kununua, China ilikwisha kuipita Marekani katika muongo uliopita. Nani mkubwa basi? Ukitaka kununua ndege au mafuta katika soko la dunia, hesabu za benki ndizo zinazokuhusu. Ukitaka kujua sahani ya mchana ina nini, tazama uwezo wa kununua.

Baada ya hatua hizo tatu huja lebo. Julai 1, 2020, Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, miaka mitano kabla ya lengo ambalo nchi hiyo ilijiwekea. Jamaa zangu wa Ngara walinipigia simu wakinitania: "Shemeji, wewe ulihamia kwa maskini." Nikacheka nao, kisha nikachukua kalamu. Pato la kila Mtanzania lilikuwa limehesabiwa kuwa dola 1,080. Mstari wa daraja ulikuwa dola 1,036. Tofauti ni dola 44 kwa mwaka, yaani senti 12 za dola kwa siku. Ni hatua ya kujivunia, sikatai. Lakini si ukuta wa kutenganisha tajiri na maskini.

Na hapo hapo kuna jambo la kuchekesha. Umoja wa Mataifa una kipimo kingine kiitwacho Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1990 kwa juhudi za mchumi wa Pakistani, Mahbub ul Haq, akisaidiwa na Amartya Sen wa India. Kipimo hicho huchanganya kipato, elimu na umri wa kuishi. Katika ripoti yake ya mwaka 2025 Rwanda iko juu ya Tanzania, ile ile tuliyoambiwa imetupita daraja. Basi yule aliyenitania na mimi niliyetaniwa, kila mmoja ana jedwali la kumnyamazisha mwenzake. Ndiyo maana siku hizi sishindani na mtu kwa majedwali.

Walioasisi hesabu hizi walituonya mapema. Simon Kuznets, aliyewasilisha hesabu za pato la Marekani mbele ya Baraza la Seneti mwaka 1934, alisema wazi kwamba ustawi wa taifa hauwezi kupimwa vizuri kwa pato lake peke yake. Tazama Marekani yenyewe. Mwaka 2024 pato la kila Mmarekani lilikuwa zaidi ya mara mbili ya la Mjapani kwa dola za benki. Marekani hutumia zaidi ya asilimia 17 ya pato lake kwa matibabu, Japani karibu asilimia 11. Lakini Mjapani anatarajiwa kuishi miaka mitano zaidi. Ukiniuliza mimi, mtu anayemzika mzazi wake akiwa na miaka 84 ana utajiri ambao jedwali la dola halikuuandika.

Kwa upande wetu, iko namba moja ninayoipenda kuliko zote. Utafiti wa afya wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Rwanda, 196 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2019/20 ulikuta ni 45. Hiyo haibadiliki dola ikipanda au ikishuka. Mtoto yupo au hayupo. Lakini utafiti ule ule wa 2019/20 ulikuta pia kwamba watoto 33 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tumewaokoa wasife, lakini mmoja kati ya watatu bado hali vya kutosha akakua inavyopasa. Anayetaka kuijua nchi azisome namba hizo mbili pamoja. Anayesoma ya kwanza tu anafanya kampeni, na anayesoma ya pili tu anafanya chuki.

Sasa nifike mpakani, maana ndiko swali la mzee lilikotoka, na ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Mwishoni mwa Februari 2019 malori yalizuiwa Gatuna, na Wanyarwanda wakatakiwa wasivuke kwenda Uganda. Sababu zilikuwa za kisiasa, si mada yangu leo. Mpaka huo ulifunguliwa rasmi Januari 31, 2022. Waliokuwa wakiishi kwa kuvuka asubuhi na kurudi jioni walikaa karibu miaka mitatu bila kazi yao. Je, uchumi wa Rwanda mwaka 2019 ulifanya nini? Ulikua kwa zaidi ya asilimia 9.

Machi 2020 ukaja ugonjwa wa Korona. Mipaka ya nchi kavu ikafungwa, malori ya mizigo yakaruhusiwa kupita. Kwa wasafiri wa kawaida mipaka hiyo haikufunguliwa tena hadi Machi 2022. Uchumi ulishuka mwaka 2020 kwa zaidi ya asilimia 3, hilo ni kweli. Lakini mwaka 2021, wakati mama wa beseni bado anautazama mpaka kwa mbali, uchumi ulipanda kwa karibu asilimia 11.

Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na sisi. Mwaka huo uchumi ulikua kwa karibu asilimia 9.

Mara tatu mpaka unafungwa, mara tatu namba kubwa inapanda. Kuna watakaosema takwimu zimepikwa. Mimi sisemi hivyo, na hakuna haja ya kusema hivyo ili kueleza jambo hili. Namba kubwa na beseni vinaweza kwenda njia tofauti na vyote vikawa vya kweli, kwa sababu beseni ni jepesi mno kwenye mizani ile.

Fanya hesabu hii. Kilo moja ya dhahabu, kwa bei za miaka ya karibuni, inazidi dola 60,000. Mama wa Rubavu akivuka na beseni la nyanya na kabichi lenye thamani ya dola 20, itabidi mabeseni 3,000 yavuke ndipo yalingane na kilo hiyo moja inayoingia kwenye mkoba wa mtu mmoja. Katika takwimu za mauzo ya nje, kilo moja na mabeseni 3,000 ni kitu kimoja. Katika maisha, kilo ni mtu mmoja na tiketi yake ya ndege. Mabeseni ni kaya 3,000, ada za shule, mituweli, na jiko linalowaka jioni.

Na mabeseni mengine hayahesabiwi kabisa, kwa kuwa hayapiti forodhani na karatasi. Uganda ilianza mwaka 2005 kuweka makarani mipakani ili kukadiria biashara hii isiyo rasmi. Benki Kuu ya Rwanda nayo hufanya uchunguzi wa aina hiyo. Karani hukaa mpakani siku kadhaa, huandika anachokiona kimebebwa kichwani, mgongoni na kwenye baiskeli, kisha hukadiria siku zilizobaki. Ni kazi ngumu na ya heshima. Lakini lini mara ya mwisho umesikia matokeo yake yakitangazwa kwa sauti ile ile inayotangaziwa ukuaji wa uchumi?

Sasa nimjibu mzee. Shemeji yetu anavuka kwenda Kongo kwa sababu soko si wastani. Muuzaji hamuuzii "Mkongo wa wastani". Anawauzia watu wa mji mzima walio umbali wa kutembea kwa miguu, wanaokula vyakula vinavyolimwa upande wetu, na ambao dola na faranga vinazunguka mikononi mwao kila siku. Tajiri wa Nairobi yuko zaidi ya kilomita 1,000, ana wakulima wake wa Kinangop na Kirinyaga, na nauli ya basi ingekula beseni zima. Takwimu ya pato la kila mtu haina umbali ndani yake, haina idadi ya walaji, haina lugha wala undugu. Shemeji alikuwa na takwimu zake kichwani, na zilikuwa bora kuliko za simu.

Lakini takwimu zake zina udhaifu mmoja mkubwa: zinafia kichwani mwake. Januari 2025, M23 ilipoichukua Goma na benki za mji huo zikafungwa, wapo wafanyabiashara wadogo wa Gisenyi waliokuwa na madeni ng'ambo na mali iliyokwisha kutolewa kwa mkopo. Hasara yao imeandikwa wapi? Lori likizuiwa siku tano, lina ankara, bima na chama cha wenye malori cha kulisemea. Beseni likizuiwa miaka mitatu halina karatasi. Wakubwa wakikaa mezani kuamua mpaka ufungwe au ufunguliwe, kilichoandikwa ndicho kinachopimwa. Kisichoandikwa kinahesabiwa sifuri.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwenu wafanyabiashara wa mpakani. Karani wa takwimu akikusimamisha, usimkimbie ukidhani ni mtu wa kodi. Mwambie umebeba nini na bei gani. Nunua daftari, andika ulichovusha na ulichorudi nacho. Na bidhaa zako zikiwa zimezalishwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na thamani yake haizidi dola 2,000, ulizia pale mpakani cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ambacho kimewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Najua wapo watakaoniambia kwamba asiyeonekana hasumbuliwi. Ni kweli, hasumbuliwi. Lakini pia hafidiwi, hakopeshwi, na siku mpaka ukifungwa hakuna anayejua kwamba ameumia.

La pili ni kwa Taasisi ya Takwimu na Benki Kuu. Siku mnapotangaza ukuaji wa uchumi, tunaomba katika meza ile ile na saa ile ile mtangaze pia ni watu wangapi walivuka kila mpaka wakiwa na bidhaa ndogo, wanawake wangapi, na walibeba nini. Wekeni Gatuna mstari wake, Rusumo wake, Rusizi wake, na ule mpaka mdogo wa Gisenyi na Goma wake. Mstari ukishuka kutoka maelfu hadi sifuri, kila mtu aone. Hilo halitaishusha namba kubwa hata kidogo. Litaipa mwenzake wa kusimama naye.

La tatu ni kwetu sisi tuliorudi. Tuna mtindo wa kuutumia wastani kama sababu ya kurudi au kuondoka, ya kuleta mtaji au kuuacha kule. Mmoja anasema Kenya tajiri, anafungasha. Mwingine anasema Rwanda inakua kwa asilimia 9, anakopa. Kabla ya kufungasha au kukopa, uliza maswali ya mwenye duka. Wateja wangu ni wangapi na wako umbali gani? Sarafu yao imeshuka kiasi gani kwa miaka mitatu? Njia ya kuwafikia imefungwa mara ngapi kwa miaka kumi? Mtoto wangu akiugua usiku, ni nani atamtibu na kwa kiasi gani? Majibu yako hayatakuwa kwenye simu. Mengine utayapata kwa kupanda basi Nyabugogo ukaenda kujionea.

Utafiti wa mwaka 2023/24 umetuambia kwamba umaskini Rwanda umeshuka hadi asilimia 27.4. Nafurahi kwa hilo, na sioni aibu kufurahi. Lakini mstari wenyewe ni faranga 560,127 kwa mtu mzima kwa mwaka, yaani faranga 1,530 na kidogo kwa siku. Mama mwenye faranga 1,600 kwa siku hayumo katika asilimia hiyo. Kwa takwimu ametoka kwenye umaskini. Kwa mpaka kufungwa wiki moja tu, atarudi. Je, utafiti ujao utakapokuja kumhesabu tena, tutajua kilichomrudisha, au tutaona namba tu?

Juzi nilimkuta yule mzee wa Bukavu pale pale Nyamirambo. Nikamweleza jibu langu lote, kuanzia Kenya hadi Japani. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema: "Umesema vizuri, mwanangu. Sasa mwambie shemeji yako mpaka utafungwa lini tena, ili asinunue nyanya siku hiyo."

Hapo nilinyamaza. Hakuna jedwali la nchi yoyote, kubwa wala ndogo, lenye safu ya jibu hilo. Mpaka lipatikane, tunachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba nyanya zikioza, walau zimehesabiwa.